Je, wajua kwa nini hasira hupandisha sukari, na simu inasaidia wapi?

Mwenye kisukari anaweza kula chakula kilekile cha kila siku na kumeza dawa zake kwa wakati, lakini siku aliyogombana na mwenye nyumba kipimo cha sukari kikasoma 14 badala ya 8 (milimoli kwa lita, yaani mmol/L). Nyumbani wataanza kumhoji: umekunywa soda? Hajanywa.

Jambo hili lilionekana zamani. Mwaka 1911 Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, na wenzake waligundua kuwa paka waliotishwa na mbwa abwekaye walitoa sukari kwenye mkojo. Mwaka 1913 ukapimwa mkojo wa wachezaji 25 wa timu ya chuo hicho, mara tu baada ya mechi kubwa ya kufunga msimu. Kumi na wawili walikutwa na sukari, na watano kati yao walikuwa wa akiba ambao hawakugusa uwanja. Walikaa benchi tu, roho juu.

Ukiogopa au ukikasirika, mwili humwaga homoni za adrenalini na kotisoli. Ini nalo hufungua akiba yake ya sukari ili misuli ipate nguvu ya kukimbia au kupigana. Sasa kodi ya nyumba haikimbiwi kwa miguu, kwa hiyo sukari ile inabaki kwenye damu bila kazi. Asiye na kisukari hutoa insulini ya kutosha ikashuka. Mwenye kisukari hubaki nayo kwa saa kadhaa. Hapo bado hujahesabu dozi inayosahaulika na chakula kinacholiwa ovyo mtu akiwa na mawazo.

Simu inaingia hapo, na kazi yake kubwa wala haihitaji programu ya kulipia. Kila ukipima, andika namba na maneno mawili matatu ya kilichotokea: “nimekosa usingizi”, “msiba”, “foleni ya benki”. Baada ya wiki chache utaanza kuona sukari inapanda siku zipi, na daktari akisoma orodha hiyo hatakimbilia kuongeza dozi kwa kudhani unakula vibaya. Kwangu mimi hii inashinda nusu ya programu zenye rangi za kupendeza.

Simu hiyohiyo inaweza kukuhesabia pumzi. Kuvuta na kutoa pumzi polepole, kama mara 6 kwa dakika, hutuliza mapigo ya moyo, na saa ya simu inatosha kukuongoza kwa dakika tano. Usitarajie namba ianguke papo hapo. Kinachotulia kwanza ni wewe.

Hata simu ya kitochi ina nafasi yake. Mwaka 2014 Senegal ilianza kuwatumia wenye kisukari ujumbe mfupi wa kuwaongoza wakati wa Ramadhani, chini ya mpango wa Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano. Mtu aliyekuwa akifunga kwa wasiwasi akapata ushauri mkononi bila kupanga foleni kliniki.

Ila simu nayo huleta presha. Vihisi vya kupima sukari vinavyobandikwa mkononi na kutuma kipimo kwenye simu hulia usiku wa manane, na wapo wanaotazama namba kila baada ya dakika mbili hadi namba yenyewe ikawa chanzo cha mawazo. Muulize mtaalamu ni kengele zipi unaweza kuzipunguza. Ile ya sukari kushuka mno iache. Na zile jumbe za WhatsApp zinazodai kuponya kisukari kwa majani, zifute bila huruma.

Kuna jambo moja la hatari. Kutetemeka, jasho na moyo kwenda mbio huja kwa wasiwasi, lakini huja pia sukari inaposhuka. Kabla ya kufungua zoezi la pumzi, pima. Ikiwa chini ya 3.9 mmol/L, kula vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari, tega kengele ya simu dakika 15, kisha upime tena.