Tulsa, sheria ya Oklahoma na swali la "kwa nini"

Tarehe 7 Mei 2021 Gavana Kevin Stitt wa Oklahoma alitia saini sheria ya HB 1775, inayoweka mipaka ya namna mwalimu anavyoweza kuzungumzia rangi na jinsia darasani. Siku 24 baadaye, mji wa Tulsa, ulio katika jimbo hilohilo, ulitimiza miaka 100 tangu mtaa wa Greenwood uteketezwe kwa moto na wakazi wake weusi kuuawa. Tume iliyokuwa ikiandaa kumbukumbu hiyo ilikwisha kumwondoa gavana miongoni mwa wajumbe wake kabla siku yenyewe haijafika.

Kazi yangu ni kuandaa masomo ya historia na kuwanoa walimu wa sekondari hapa Marekani. Wazazi wanaozungumza Kiswahili, wengi wao kutoka Kongo, huniuliza mara kwa mara huu ugomvi wa shuleni kuhusu rangi unatokana na nini. Wapo waliosikia kwamba watoto wanafundishwa kuwachukia Wazungu. Wapo waliosikia kwamba historia ya watu weusi imepigwa marufuku. Nimeona nijibu kwa maandishi, na nitatumia Oklahoma kwa sababu pale mambo yote mawili, historia na sheria, yamekutana uso kwa uso.

Kwanza niiondoe njiani ile nadharia inayotajwa kila siku kwenye televisheni kwa kifupi cha CRT, yaani Critical Race Theory, nadharia hakiki ya rangi. Ilizaliwa katika vitivo vya sheria vya vyuo vikuu, miaka ya 1970 na 1980, kupitia wanasheria kama Derrick Bell na Kimberlé Crenshaw. Walijiuliza: sheria za ubaguzi zimefutwa, mbona matokeo yake hayajafutika? Jibu lao lilikuwa tuchunguze taasisi zenyewe: mahakama, benki, mipango miji, polisi. Haya ni masomo ya watu wenye shahada, na mtoto wa darasa la nne hayasomi. Jina hilo lilianza kutumika kama silaha ya kisiasa mwaka 2020, baada ya George Floyd, mtu mweusi, kuuawa na polisi mjini Minneapolis na maandamano kuenea. Septemba mwaka huo Rais Trump alitoa amri ya kuzuia mafunzo yenye alichokiita dhana za kuwagawa watu katika idara za serikali kuu. Biden aliifuta siku aliyoapishwa, Januari 2021, lakini maneno ya amri ile yalikuwa yamekwisha kunakiliwa kwenye miswada ya majimbo. Idaho ilitangulia, Oklahoma ikafuata, kisha Tennessee, Texas, Florida na wengine. Marekani haina mtaala mmoja wa taifa. Kila jimbo huandika viwango vyake vya masomo na bodi za shule za wilaya huamua mengi yaliyobaki, kwa hiyo ugomvi mmoja unaweza kupiganwa mahali pengi kwa wakati mmoja.

Sasa tusome sheria yenyewe, maana wengi wanaoibishania hawajaisoma. HB 1775 inakataza kufundisha kwamba mtu, kwa sababu tu ya rangi yake, ni mbaguzi kwa asili. Inakataza kufundisha kwamba mtu anabeba lawama ya matendo ya watu wa rangi yake waliotangulia. Inakataza kufundisha kwamba mtu anapaswa kuhisi hatia au uchungu wa moyo kwa sababu ya rangi yake. Mimi binafsi sijui mwalimu wa historia aliye makini anayetaka kufundisha hayo. Tena sheria yenyewe inasema haizuii kufundisha yaliyomo katika viwango vya jimbo, na mauaji ya Tulsa yamo katika viwango hivyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Basi tatizo liko wapi? Liko kati ya maneno mawili yanayofanana. Sheria inakataza kumwambia mtoto kwamba *anapaswa* kuhisi hatia. Mzazi aliyekasirika huisoma kana kwamba inakataza mtoto *kuhisi* vibaya. Lakini hakuna namna ya kufundisha Tulsa bila mtu yeyote darasani kuhisi vibaya.

Tuangalie kilichotokea. Tarehe 30 Mei 1921 kijana mweusi anayeng'arisha viatu, Dick Rowland, aliingia kwenye lifti iliyoendeshwa na binti wa Kizungu, Sarah Page. Binti akapiga ukelele, kijana akakimbia. Kesho yake akakamatwa, na jioni gazeti la Tulsa Tribune likaandika kwamba alimshambulia msichana. Umati wa Wazungu ukakusanyika mahakamani. Wanaume weusi, baadhi yao askari waliorudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia, wakaenda na silaha kusaidia kumlinda asinyongwe. Risasi ikalia. Alfajiri ya tarehe 1 Juni maelfu ya Wazungu waliingia Greenwood, wakapora na kuchoma vitalu vya majengo vipatavyo 35: nyumba, maduka, hoteli, makanisa, hospitali. Idadi ya waliokufa haijajulikana kwa hakika. Makadirio ya wanahistoria ni kati ya 100 na 300. Rowland mwenyewe hakutiwa hatiani.

Mwalimu mwenye hofu anaweza kuishia hapo. Atakuwa ametimiza viwango, na wanafunzi watatoka wakijua kwamba zamani kulikuwa na watu wabaya walioshikwa na hasira. Kwangu mimi somo linaanzia hapo alipoishia.

Polisi wa mji waliwaapisha papo hapo mamia ya wanaume wa Kizungu wawe askari wa muda, na baadhi yao walikuwa miongoni mwa wachomaji. Kikosi cha ulinzi cha jimbo kilipofika, waliokusanywa na kuwekwa kizuizini kwa maelfu walikuwa watu weusi, wenye nyumba zinazoungua. Baraza la wazee wa mahakama lililoitwa mwezi huohuo liliwabebesha lawama wanaume weusi waliokwenda na silaha mahakamani. Kampuni za bima zilikataa kulipa, kwa hoja kwamba mikataba haikuhusu hasara itokanayo na ghasia. Na siku chache tu baada ya moto, halmashauri ya mji ilipitisha kanuni kwamba anayejenga upya Greenwood lazima atumie vifaa visivyoshika moto. Kwa macho ni kanuni ya usalama, haitaji rangi ya mtu popote. Lakini ni nani angeweza kununua matofali na saruji wakati hana hata kitanda, bima imemkataa, na anaishi kwenye hema? Wakili mweusi, Buck Colbert Franklin, alifanya kazi ndani ya hema na wenzake, akaipinga kanuni ile mahakamani, akashinda. Mtoto wake, John Hope Franklin, alikuja kuwa mmoja wa wanahistoria wakubwa wa Marekani.

Hapa ndipo roho ya ubishi wote huu ilipo, na nalisema hili kwa uchungu. Ukiondoa kanuni ile, bima na polisi, umebaki na kisa cha umati uliopandwa na wazimu, na wazimu hauhitaji maelezo. Ukiviweka, mwanafunzi wa miaka 15 anauliza mwenyewe: kumbe sheria isiyotaja rangi inaweza kumdhulumu mtu kwa rangi yake? Anakuwa amefika kwenye swali la Derrick Bell bila kumsikia jina. Na swali hilo ndilo mwalimu wa Oklahoma analoogopa kulisikia, kwa sababu mtu mmoja tu akilalamika, leseni yake inaweza kusimamishwa au kufutwa.

Siwazii tu. Julai 2022 bodi ya elimu ya jimbo iliipa wilaya ya shule za Tulsa ithibati yenye onyo chini ya sheria hii, na lalamiko lililoanzisha jambo hilo lilihusu mafunzo ya walimu, wala si somo la wanafunzi. Juni 2024 jaji wa shirikisho alisimamisha kwa muda sehemu ya vifungu kwa shule za msingi na sekondari, kwa kuona havieleweki vya kutosha kwa mwalimu kujua kipi kimekatazwa. Sheria isiyoeleweka haihitaji kumwadhibu kila mtu. Inatosha mwalimu mkuu aseme, "Mwaka huu tuliruke hilo."

Wanaounga mkono sheria hizi nao wana hoja ambayo siipuuzi. Yapo mazoezi ya darasani ambapo watoto hugawanywa kwa rangi, au huambiwa wapige hatua mbele au nyuma kulingana na "upendeleo" waliozaliwa nao. Nimewashauri walimu wayaache. Yanamgeuza mtoto kuwa mfano wa watu wa rangi yake mbele ya wenzake, na mtoto mweusi huumia kama mwenzake wa Kizungu, pengine zaidi. Historia haihitaji maigizo hayo. Wape kanuni ya ujenzi ya 1921, barua ya bima na ramani ya mtaa, kisha nyamaza waisome.

Sisi wa Afrika Mashariki tungepaswa kulielewa hili upesi. Tanganyika ya mkoloni ilikuwa na shule za Wazungu, shule za Waasia na shule za Waafrika, kila mfumo na fedha zake, hadi utengano huo ulipofutwa kisheria kuanzia Januari 1962. Humfahamishi kijana utawala ule kwa kumwambia kwamba Mwingereza alikuwa na roho mbaya. Unamwonesha bajeti. Unamwonesha nani alijengewa maabara na nani alikomea darasa la nne. Hakuna Mwingereza wa leo anayetukanwa kwa kusoma hesabu hizo.

Kwa wazazi walioniuliza, hasa mliofika kutoka Kongo na ambao watoto wenu wameingizwa kwenye fomu za shule kama "Black" bila wenyewe kujua neno hilo limebeba nini hapa: msisubiri mtoto akue ndiyo mzungumze. Mnayo haki ya kuomba kuona vitabu na mpango wa somo la historia. Mikutano ya bodi ya shule huwa wazi kwa umma, na kwa kawaida kuna muda wa wananchi kusema. Shule zinazopokea fedha za serikali kuu zinawajibika kuwasiliana nanyi kwa lugha mnayoielewa, kwa hiyo ombeni mkalimani wa Kiswahili siku kadhaa kabla, wala msikubali mtoto ndiye awatafsirie. Mkiwa huko, ulizeni jambo moja: darasa likifika Tulsa, je, wanafunzi wataisoma ile kanuni ya ujenzi?