Risiti za turbo si bei ya gari

Juma lililopita mteja wa nne mwaka huu aliniletea Subaru Impreza WRX STI aina ya GDB na bahasha ya risiti, akitaka kuliuza na nimjumlishie bei ya gari, turbo, ekzosi, shoki na rimu. Hesabu hiyo haipo. Mnunuzi hakulipii gharama zako, na kila kifaa kisichotoka kiwandani kinamwongezea swali kuhusu namna gari lilivyoendeshwa.

Isitoshe, Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na GDB ziliacha kutengenezwa mwaka 2007. Tunauziana zilezile zilizomo nchini. Ndiyo maana turbo na nozeli (vifaa vinavyopuliza petroli ndani ya injini) za asili unazozikanyaga stoo zinaweza kukusaidia kuliko risiti zako.

Wengine wakisikia hivyo huniudhi zaidi. Hufungua vifaa vya bei, huviuza kimoja kimoja, hurudisha vya zamani, kisha hutangaza kwamba gari halijawahi kuguswa, ilhali programu ya injini ni ileile. Programu hiyo haikuandikwa kwa ajili ya gari kwa jumla, bali kwa ajili ya vifaa vile vilivyokwisha kuuzwa. Kompyuta iliyoambiwa kwamba nozeli ni kubwa huzifungua kwa muda mfupi. Ukifunga ndogo bila kuisahihisha, petroli inakuwa chache kuliko hewa inayosukumwa na turbo, mchanganyiko unawaka vibaya injini inapobeba mzigo, na pistoni zinapasuka. Gari litazunguka mtaani bila kulalamika, kisha mwenye nalo mpya atakanyaga mafuta akipandisha kuelekea Limuru, na jioni nitapigiwa simu mimi. Kama unarudisha vifaa, rudisha na programu. Kama huwezi, uza gari lilivyo na useme lilivyo.

Karatasi ya nguvu za farasi iache nyumbani, kwa sababu mashine mbili za kupima nguvu hizo hazikubaliani hata kwa gari moja. Pima mgandamizo wa silinda zote nne, injini ikiwa moto, mnunuzi akiwa amesimama hapo. Ninakiri kwamba kipimo hicho hakinitulizi kabisa: kinaonyesha hali ya ringi za pistoni na valvu, lakini hakisemi lolote kuhusu beringi za kranki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, na nimewahi kusifia injini iliyoanza kugonga mwezi uliofuata. Tangu hapo, kabla ya kupima, humwomba mwenye gari asiliwashe hadi mnunuzi afike tuisikilize injini ikiwaka, kwani injini iliyolala baridi usiku kucha huficha machache. Wauzaji hawalipendi ombi hilo, nami silaumu.

Ikiwa injini ilibadilishwa, hakikisha nambari yake ndiyo iliyo kwenye kitabu cha gari kabla ya kutangaza. Uhamisho wa umiliki anzisha mwenyewe katika mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, siku ya malipo, naye mnunuzi aukubali kabla hujamkabidhi ufunguo. Anayeomba wiki mbili za "kujipanga" ajipange akiwa amekuachia gari lako.