Mhudumu wa Afya Anapochoka Hadi Moyoni: Maswali na Majibu

Maswali yafuatayo, kuhusu uchovu wa kazi unaofika hadi moyoni (kwa Kiingereza "burnout"), nimeyasikia kwa miaka mingi kutoka kwa wauguzi, wakunga na matabibu wenzangu hapa Uganda, aghalabu kwa sauti ya chini na mwishoni mwa zamu. Ninayajibu waziwazi kwa sababu naamini kimya kimetugharimu watu wema.

Je, uchovu huu ni ugonjwa?

Hapana, ingawa ukiachwa unaweza kuzaa ugonjwa. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, lililopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022, linauhesabu kuwa hali itokanayo na msongo wa kazini uliodumu kwa muda mrefu bila kudhibitiwa. Hujitokeza kwa namna tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kimoyo hata kuichukia, na kuona kwamba unachofanya hakina tija tena. Uchovu wa kawaida huisha ukilala. Huu unaamka nao.

Nitautambuaje kwangu au kwa mwenzangu?

Nitatoa mfano wa mkunga niliyefanya naye kazi katika kituo kimoja cha afya cha daraja la tatu, karibu na mpaka. Alikuwa mtu wa kumuuliza kila mama majina ya watoto wake wakubwa huku akimpima presha, na kina mama walimpenda kwa hilo. Baada ya mwaka wa zamu za usiku akiwa peke yake, alianza kuwataja kwa namba za vitanda. Usiku mmoja mtoto alizaliwa akiwa amefariki. Mkunga alimfunika, akavua glovu, akavaa nyingine, na kumwambia mama aliyefuata "panda" bila kumtazama usoni. Asubuhi vitabu vyake vilikuwa vimejazwa kwa mwandiko safi kabisa. Hakuwa amegeuka mkatili, bali moyo wake ulikuwa umejifunga ili usiendelee kuumia, na hiyo ndiyo dalili ambayo sisi wenyewe huwa wa mwisho kuiona. Nyingine ni usingizi kukataa ingawa mwili umechoka, hasira za haraka, kusahau vipimo vya dawa, kuumwa kichwa au tumbo kusikoelezeka, na kutamani uugue kidogo ili upate sababu ya kutokwenda kazini.

Kwa nini unatupata sana sisi?

Wingi wa wagonjwa ni sehemu tu ya jibu. Kinachokula roho zaidi ni kujua tiba inayotakiwa na kukosa cha kuitolea: dawa zimekwisha, ndugu wa mgonjwa anatumwa kununua glovu nje, na hasira yake humwangukia musawo, yaani mhudumu wa afya, aliye mbele yake, ambaye si yeye aliyepanga bajeti. Kisha ipo hofu. Katika mlipuko wa Ebola uliotangazwa Mubende mnamo Septemba 2022, wahudumu wa afya 19 waliambukizwa na 7 kati yao wakafariki. Wenzao walirudi wodini kuendelea na kazi, na baadhi yetu tulikuwa bado hatujamaliza kuomboleza.

Je, ni udhaifu wa mtu au wa imani yake?

Si udhaifu. Mara nyingi huanza na wale waliojitolea zaidi. Sala humfariji aombaye, nami siipuuzi, lakini haimwongezi mkunga wa pili kwenye zamu.

Nifanye nini mimi mwenyewe?

Anza na usingizi, kwa kuwa mengine yote huegemea hapo. Ukitoka zamu ya usiku, lala katika chumba chenye giza, waeleze wa nyumbani kwamba saa hizo ni usiku wako, na usinywe chai ya majani wala kahawa katika saa sita za mwisho kabla ya kulala. Kama wodi inaruhusu na kuna mwenzako wa kubaki macho, usingizi wa dakika 20 katikati ya zamu unapunguza makosa. Mgonjwa anapofariki, msitawanyike hivi hivi: ketini dakika kumi, kila mmoja aseme alichokiona na kinachomuuma, bila kutafuta wa kulaumiwa. Nimeona watu wakilia katika dakika hizo kumi na kurudi kazini wakiwa wepesi.

Chukua likizo yako. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inatoa siku 7 zenye malipo kwa kila miezi 4 ya kazi mfululizo, na wengi wetu huziacha zikapotea kwa kuwaonea huruma wenzetu tunaowaacha. Huruma hiyo inaeleweka, lakini huwaletea mzigo mkubwa zaidi siku unapoanguka kabisa.

Na wakuu wa vituo?

Kwao nina neno zito zaidi, maana mafunzo ya kuvuta pumzi hayatibu ratiba mbaya. Inchaji anaweza kuzigawa zamu za usiku kwa haki, kuitangaza ratiba mapema, kutomwacha mtu peke yake baada ya kifo kigumu, na kuuliza "umelalaje?" kabla ya kuuliza ripoti.

Pombe au vidonge vya usingizi vitanisaidia?

Havitasaidia. Pombe huvuruga usingizi, na diazepamu inayochukuliwa kimyakimya kutoka kabatini huleta utegemezi.

Ni wakati gani nitafute msaada wa kitaalamu?

Huzuni ikikufuata hata siku za mapumziko, ukakosa furaha katika yale uliyoyapenda, na hali hiyo ikadumu wiki mbili au zaidi, huenda ni sonona, ambayo inatibika. Hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili, na Kampala ipo Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili. Ukihofia kuonekana na wenzako, una haki ya kwenda mbali na unapofanya kazi. Mwenzako akisema afadhali afe, mwamini, umuulize waziwazi kama amepanga kujidhuru, usimwache peke yake hadi afikishwe kwa mtaalamu, na funguo za kabati la dawa zishikwe na mtu mwingine siku hiyo hiyo.