Geuza Kibanzi cha Rangi Uangalie Upande wa Chini

Wiki hii nimeletewa jozi nyingine. Viatu vya ngozi vya kamba, vyeusi, mwenyewe kavipaka rangi ya kahawia nyumbani, na sasa rangi yote ya mbele imeinuka kama maganda ya kitunguu saumu. Maneno aliyokuja nayo nimeyasikia mpaka yamenichosha: "Fundi, ngozi haishiki rangi. Nilinunua rangi ya maana kabisa, siku ya nne imebanduka."

Nilimwomba kiatu cha kulia, nikabandua kipande kwa ukucha, ukubwa wa punje ya harage, nikakilaza kifudifudi kiganjani ili sote tuuone upande wa chini. Upande wa juu haukuwa na kasoro. Rangi imekauka, laini, ukiikunja haivunjiki. Lakini chini palikuwa panang'aa kama kioo, pamebeba weusi, na ukikielekeza kibanzi kwenye mwanga unaiona mistari ya brashi ya viatu imejichapa pale. Nikakwangua kidogo, ukucha ukatoka na nta nyeusi. "Tazama, kaka," nikamwambia, "rangi yako ilishika vizuri sana. Ilishika polishi."

Na polishi si ngozi. Ni nta na mafuta, kazi yake ni kukaa juu juu na kuyafukuza maji. Rangi nyingi za ngozi tunazotumia ni akriliki ya maji. Ukiipaka juu ya nta itakauka, itapendeza, utapiga picha, halafu kiatu kitakunjwa na rangi itaachia yote kwa pamoja, kwa sababu haikuwa imeshika kitu chochote cha kudumu.

Tena hebu fikiria. Hicho kiatu kilikuwa cheusi kwa nini kilipotoka dukani? Kilipakwa rangi! Ngozi nyingi za viatu hupuliziwa kiwandani tabaka za rangi yenye resini, ile gundi inayoishikilia rangi, kisha juu yake koti la kinga, lile linalong'aa na kuteleza unapopitisha kidole. Anayeniambia ngozi haishiki rangi ananiambia hayo huku amevaa ngozi iliyoshika rangi kwa miaka. Kiwandani waliipaka ikiwa tupu na safi. Sisi tunaipaka ikiwa na koti, polishi ya miaka mitano, vumbi, na mafuta ya mikono. Tofauti yote iko hapo, na ndiyo maana kazi ya kupaka rangi viatu vya zamani, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya kuvua hayo yote.

Kuvua kwenyewe ndiko ninakotaka kukaa kidogo, maana ndiko watu wanakokimbia. Toa kamba. Futa vumbi, hasa lile lililojificha pale ngozi inapokutana na soli. Pitisha kitambaa chenye maji na sabuni kidogo isiyo kali, uache kiatu kikauke kivulini, si juani. Halafu ndipo ije asetoni, kiyeyushi cha kutoa nta na koti. Fungua madirisha, vaa glovu, na pasiwe na moto wala sigara karibu, kwa sababu mvuke wake unawaka haraka kuliko unavyodhani. Na iwe asetoni tupu. Dawa nyingi za kutoa rangi ya kucha zimetiwa mafuta na manukato ili zisikaushe vidole, na hayo mafuta ndiyo hasa tunayoyatoa.

Lowesha pamba, isichuruzike, ufute kwa kuzungusha sehemu ndogo ndogo. Pamba ya kwanza itatoka nyeusi tii. Hiyo ni polishi. Watu wengi hufika hapo wakaridhika. Pamba ya pili na ya tatu zitatoka na weusi wa aina nyingine, mzito, unaonata kidogo, na kiatu kitaanza kunata chini ya vidole. Hilo ndilo koti la kiwandani linalainika. Ukiendelea, mng'ao unaondoka na ngozi inabaki imefifia, haina ung'avu wowote, kama ubao uliofutwa chaki. Weka tone moja la maji. Likisimama kama shanga, bado kuna nta au koti. Likitandaa na kuacha doa jeusi la unyevu, umefika.

Pale kwenye mishono na kwenye matundu ya kamba tumia kijiti kilichozungushiwa pamba. Rangi huanza kubanduka pembeni, na pembeni ndiko kitambaa kisikofika.

Sasa niseme jambo ambalo maelezo ya kwenye chupa hayalisemi. Kuna kikomo cha kuvua, na mimi mwenyewe bado nabadilisha mawazo kuhusu kiko wapi. Zamani nilikuwa navua mpaka ngozi tupu, kila kiatu, bila huruma. Rangi ilishika ajabu. Lakini asetoni haichagui, inatoa nta na inatoa pia mafuta yaliyomo ndani ya ngozi, yale yanayoifanya iwe laini. Ngozi iliyofutwa kupita kiasi inakuwa kavu kama biskuti na inapasuka pale vidole vinapokunjia. Ukisema basi uirudishie mafuta kabla ya kupaka, umerudi kule kule, unapaka rangi juu ya mafuta. Ukirudishia baada ya kupaka, mafuta hayapenyi vizuri kwa sababu umeshaifunika. Siku hizi kwenye ngozi laini nasimama mara tu mng'ao unapoondoka, hata kama kuna rangi ya zamani iliyobaki, halafu nakwangua kwa msasa laini, namba 600, mkono mwepesi sana. Kwenye ngozi nene na ngumu navua zaidi. Nikiulizwa kama hiyo ndiyo njia sahihi, nasema ndiyo iliyonipa viatu vichache zaidi vilivyorudi. Zaidi ya hapo siapi.

Kuna adui mwingine, na huyu ananikera kuliko polishi. Ni zile sponji za kung'arisha haraka, unapitisha mara moja kiatu kinang'aa. Nyingi zina silikoni. Silikoni haionekani na wala hainati, ila unapopiga mkono wa kwanza wa rangi inakimbia, inaacha vijishimo vya duara kama macho ya samaki. Unapaka tena, inakimbia tena pale pale. Ukiongeza rangi nzito ili kuziba, umeharibu kabisa. Dawa yake ni kufuta, kutupa kitambaa, kuchukua kingine kisafi, kufuta tena, maana kitambaa kile kile kinaisambaza tu. Nimewahi kumaliza vitambaa sita kwenye jozi moja, na bado kisigino cha kushoto kikanigomea. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa anayeleta kiatu ni alikuwa anakisafishia nini.

Kabla ya hayo yote, hakikisha ni ngozi kweli. Angalia pale palipokatwa, ndani ya ulimi au kwenye tundu la kamba: ngozi ina nyuzinyuzi zilizochangamana, ngozi bandia ina kitambaa mgongoni na plastiki nyembamba juu. Jaribu asetoni mahali pasipoonekana. Ngozi bandia itayeyuka na kuvutika mbele ya macho yako. Na kama ngozi bandia imeshaanza kujichuna yenyewe, usiipake. Tabaka lake la plastiki, poliyuretheni, limeoza kwa unyevu na umri, na utakachopaka kitaondoka nalo. Viatu vya namna hiyo nawarudishia wenyewe, na kuna wanaokasirika.

Upande wa rangi yenyewe sitakaa sana. Rangi ya ukuta, rangi ya mlango na rangi ya gari ya kupuliza zote ni makosa kwenye kiatu, hata kama zimeng'aa vizuri siku ya kwanza. Ukuta haupindi. Mtu anayetembea hatua 5,000 kwa siku anakunja kila kiatu mara 2,500, mahali pale pale. Akriliki ya ngozi imetengenezwa na resini laini inayonyooka na kurudi, zile nyingine zikikauka zinakuwa gamba. Kisha tofautisha rangi ya kuzama na rangi ya kufunika. Ya kuzama inaingia kwenye nyuzi, haibanduki, lakini haiwezi kufanya kiatu cheusi kiwe cheupe. Inaongeza giza tu. Ya kufunika inakaa juu na inabadilisha rangi yoyote kuwa yoyote, kwa gharama ya kufuata masharti yote niliyoyataja. Ngozi ya manyoya (suede), ile yenye vinyweleo laini, ipewe ya kuzama tu. Ukiifunika inakuwa kama kadibodi.

Mikono ya rangi iwe mingi na myembamba. Mkono wa kwanza ukikupendeza, umepaka nyingi mno. Unatakiwa uwe na mabaka, uone ngozi ya chini, utamani kuongeza, na usiongeze. Subiri dakika 15 au 20, uguse kwa mgongo wa kidole, kisha upige wa pili. Kwa kawaida mikono mitatu hadi mitano inatosha. Nyeupe juu ya nyeusi inakula mingi zaidi, na hapo mimi hupitisha kwanza kijivu, maana nyeupe peke yake juu ya nyeusi inakupa rangi ya maziwa yaliyoingia majivu mpaka umeshajaza unene usiofaa. Njano na nyekundu nazo hazifuniki vizuri, zitangulizie nyeupe chini yake. Kila mara unapobadilisha kutoka giza kwenda mwanga unalipa kwa unene, na unene ndio unaopasuka. Mteja akitaka nyeupe juu ya nyeusi nafanya, ila namwambia mapema kwamba pale mkunjoni baada ya miezi kadhaa atauona mstari mweusi.

Mkunjo wenyewe una namna yake. Jaza kiatu karatasi mpaka pua itune na mikunjo ifunguke, ndipo upake, la sivyo rangi inalala mfereji mzima na kukauka nene chini. Kama ngozi imeshachanika pale, kuna fila laini ya ngozi ya kuziba, unaipaka kidogo kidogo na kusugua kwa msasa kila ikikauka. Kwenye pua na kisigino fila inadumu vizuri sana. Mkunjoni siiamini. Nimeshaiona ikikaa mwaka na nimeiona ikitoka wiki ya pili, kwa kazi ninayoamini niliifanya vile vile.

Wengine huharakisha kwa kikausha nywele. Joto dogo, kwa mbali, linasaidia. Joto kali linakausha tabaka la juu la rangi huku chini kungali maji, halafu panavimba malengelenge madogo. Kama huna haraka, acha hewa ifanye kazi.

Mwisho ni finishi, yaani koti la kinga la juu, ya kung'aa au isiyong'aa, mikono miwili myembamba. Usiiruke, ndiyo inayopokea mikwaruzo badala ya rangi. Halafu subiri. Rangi iliyokauka kuguswa haijakomaa, na mimi natoa viatu baada ya siku tatu hata mteja akinipigia simu kila asubuhi. Baada ya hapo kiatu kilichopakwa kisafishwe kwa kitambaa chenye unyevu, na kikihitaji kulainishwa kipewe krimu ya ngozi isiyo na rangi, kidogo. Polishi nzito yenye kiyeyushi ndani iache kabatini.

Viatu vya yule kaka nimevivua tangu jana. Chini ya rangi yake, chini ya polishi, chini ya koti jeusi la kiwandani, kumetokea ngozi nzuri sana ambayo hakujua anayo, yenye vitundu vidogo vya vinyweleo vinavyoonekana kwa jicho. Wekundu wa kahawia nimeuchanganya kwenye kifuniko cha chupa. Leo asubuhi nilipiga mkono wa kwanza, una mabaka, na pua ya kushoto ina kijicho kimoja cha samaki karibu na mshono. Alisahau kunitajia sponji. Nimekifuta, nimechukua kitambaa kingine.