Treni haiyeyushi theluji, huisukuma

Kuna ujumbe wenye video usiochoka kuzunguka kwenye makundi sogozi: eti kichwa cha treni cha dizeli husafisha reli kwa kuyeyusha theluji kwa joto la injini. Si kweli. Mbele hufungwa jembe la chuma linaloisukuma theluji pembeni. Ikirundikana sana, huletwa gurudumu kubwa lenye mapanga, linaloikata na kuirusha mbali, huku kichwa cha dizeli kikisukuma kwa nyuma. Itazame video yenyewe polepole: kinachoruka ni theluji, wala huoni maji yakitiririka. Wingu lile jeupe ndilo huwachanganya watu, wakadhani ni mvuke. Kosa linaeleweka, maana pale reli zinapogawanyika hufungwa vipasha joto kweli. Ukiupokea tena, tafadhali usiusambaze.