Kabla ya "kupiga Windows": namna ya kuhama kutoka Windows 10 bila kupoteza kazi yako

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, mfumo endeshi uliotolewa Julai 2015 na ambao kwa miaka kumi umekuwa ndio kompyuta yenyewe machoni pa wafanyakazi wa ofisini, wanafunzi na wenye biashara ndogo. Kompyuta zenye mfumo huo hazikuzimika siku hiyo. Zinawaka asubuhi kama kawaida, zinaandika barua na kuchapa ankara, na ndiyo maana wengi hawaoni sababu ya kuhangaika. Kilichokoma ni kazi ambayo mtumiaji haioni: viraka vya usalama vinavyotolewa kila Jumanne ya pili ya mwezi ili kuziba matundu yaliyogunduliwa ndani ya mfumo. Kompyuta isiyopokea viraka hubaki na matundu yake, na hali hiyo huzidi kuwa mbaya kadiri miezi inavyopita, kwa kuwa kiraka kinachotolewa kwa Windows 11 mara nyingi humwonyesha mhalifu mahali tundu kama hilo lilipo katika mfumo wa zamani.

Mfano unaofaa kukumbukwa ni wa Mei 2017, pale programu hasidi ya WannaCry ilipofunga mafaili ya kompyuta katika nchi nyingi, zikiwemo za hospitali za umma nchini Uingereza, na kudai malipo ili kuyafungua. Kiraka cha kuziba tundu lililotumika kilikuwa kimetolewa Machi mwaka huohuo. Walioumia zaidi walikuwa watumiaji wa Windows 7 ambao hawakuwa wamekiweka.

Mtaani jibu la tatizo hili, na la karibu kila tatizo la kompyuta, ni moja: "lete tupige Windows". Kwa kawaida fundi anaposema hivyo anakusudia kufuta diski na kusakinisha mfumo upya. Hata hivyo kuna kazi mbili tofauti hapa. Ya kwanza ni kupandisha toleo, yaani Windows 11 kuwekwa juu ya Windows 10, huku mafaili, programu na mipangilio ikibaki mahali pake. Ya pili ni usakinishaji safi, ambao huanza na diski tupu. Kwa kompyuta yenye afya, kupandisha toleo kunatosha, na aliyezoea kufuta kila kitu kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa anamwingiza mteja katika hatari isiyo ya lazima. Usakinishaji safi una nafasi yake: pale mfumo unapokuwa umeingiliwa na programu hasidi, unapokuwa umeharibika kiasi kwamba kupandisha toleo kunakwama kila mara, kompyuta inapobadilisha mmiliki, au diski inapobadilishwa.

Kabla ya kuchagua kati ya njia hizo ni lazima kujua kama kompyuta inakubalika. Windows 11 inahitaji ramu ya GB 4 na diski ya GB 64 kwa uchache, lakini hayo si yanayowakwamisha watu. Vikwazo halisi ni viwili: prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Kwa upande wa Intel, prosesa zinazokubaliwa huanzia kizazi cha nane, ukiacha chache sana za kizazi cha saba. Kwa AMD, kwa ujumla huanzia Ryzen za mfululizo wa 2000. Kizazi kinasomeka kwenye namba yenyewe: i5-6300U ni kizazi cha sita, i5-8350U ni cha nane, na i5-10210U ni cha kumi.

Jambo hili linawahusu hasa wanunuzi wa kompyuta za mtumba. HP EliteBook 840 G3 na 840 G5 zinaweza kukaa kwenye rafu moja dukani, zote zimeandikwa Core i5, na bei zake zikakaribiana. Ya kwanza ina prosesa ya kizazi cha sita na haikubaliki. Ya pili kwa kawaida ina ya kizazi cha nane na inakubalika. Muuzaji akikuambia zote ni Core i5 hatakuwa amesema uongo. Andika neno msinfo32 kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows, ubonyeze Enter, usome jina kamili la prosesa kabla ya kutoa fedha.

Kuhusu TPM, andika tpm.msc kwa namna hiyohiyo. Ukiambiwa haipo, usikate tamaa upesi, kwa sababu katika kompyuta nyingi, hasa zilizounganishwa na mafundi kipande kwa kipande, ipo ila imezimwa ndani ya bayosi, yaani mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows, ambako Intel huiita PTT na AMD huiita fTPM. Huiwasha mtu kwa dakika mbili.

Zipo mbinu za kulazimisha Windows 11 kwenye kompyuta isiyokubalika, na mafundi wengi wanazijua. Microsoft imeeleza kwamba kompyuta za aina hiyo hazina haki ya kupata masasisho, kwa hiyo mtu anaweza kuhama kutoka mfumo usio na viraka kwenda mfumo ambao viraka vyake havina uhakika. Kwa kompyuta ya kujifunzia nyumbani, sina ugomvi na anayefanya hivyo akijua anachofanya. Kwa kompyuta yenye hesabu za ofisi au taarifa za wagonjwa, sishauri hata kidogo.

Mwenye kompyuta isiyokubalika ana njia mbili zilizo nyoofu. Kwanza, Microsoft iliweka mpango wa viraka vya nyongeza kwa watu binafsi wenye Windows 10 toleo la 22H2, unaofika tarehe 13 Oktoba 2026. Mtu hujiandikisha kupitia ukurasa wa masasisho ndani ya mipangilio, na anayekubali kuhifadhi mipangilio yake kwenye akaunti ya Microsoft halipi kitu. Mashirika yana mpango wao wa kulipia. Huko ni kununua muda tu. Pili, ni kuhamia Linux, mfumo endeshi mwingine wenye matoleo ya aina nyingi. Ubuntu 24.04, kwa mfano, ina viraka hadi mwaka 2029, na Linux Mint huenda vizuri kwenye hizo EliteBook za kizazi cha sita. Asiyefanya zaidi ya kuvinjari, kuandika na kusoma barua pepe atazoea ndani ya wiki. Anayetegemea programu ya uhasibu au mashine ya risiti iliyotengenezewa Windows pekee, aulize kwanza kwa aliyemuuzia.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo ndiyo chanzo cha machozi mengi. Usakinishaji wenyewe ni kazi ya chini ya saa moja kwenye diski ya SSD, ile ya kasi isiyozunguka, na hauhitaji ujuzi mkubwa. Kinachopotea ni kazi ya mtu, na hupotea kwa sababu mwenye kompyuta na fundi hawakuelewana kazi hiyo imekaa wapi. Mteja husema "vitu vyangu viko kwenye Desktop", fundi ananakili Desktop, Documents na Pictures, kisha anafuta. Siku tatu baadaye mhasibu anauliza ziko wapi hesabu za mwaka. QuickBooks, programu ya uhasibu, huweka faili la kampuni ndani ya folda ya Public, chini ya Documents, kwenye folda iitwayo Intuit. TallyPrime, nayo ya uhasibu, kwa kawaida hutumia folda ya Public. Hakuna kati ya hizo iliyo ndani ya folda ya mtumiaji ambayo fundi aliinakili. Barua pepe za Outlook za mtindo wa zamani mara nyingi hukaa katika faili lenye mwisho wa .pst. Anwani pendwa na nywila za kivinjari ziko ndani ya folda iliyofichwa, na huponywa kwa kuingia kwenye akaunti ya kivinjari kabla ya kufuta, si baada. Zaidi ya hayo, katika kompyuta zilizounganishwa na OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, baadhi ya mafaili yanayoonekana kwenye Desktop yako mtandaoni tu. Alama ya wingu pembeni mwa jina ndiyo dalili. Anayeyanakili bila intaneti hapati kitu.

Nakala rudufu, basi, iwe kwenye diski ya nje, na ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine. Kufungua ndiko kunakothibitisha. Folda yenye jina sahihi na mafaili yasiyofunguka si nakala. Pia kuihifadhi kwenye patisheni ya D, yaani sehemu nyingine ya diski ileile, kama ilivyo desturi kwa wengi, hakulindi dhidi ya kidole kinachoteleza wakati wa kufuta patisheni, wala dhidi ya diski yenyewe kufa.

Lipo jambo la pili ambalo wengi hawalijui hadi limewakuta. Kompyuta nyingi za miaka ya karibuni husimba diski nzima kwa fumbo kupitia BitLocker, kinga iliyomo ndani ya Windows, wakati mwingine bila mwenyewe kuombwa ruhusa waziwazi. Ukibadilisha mpangilio ndani ya bayosi, au ukitoa diski na kuifunga kwenye kompyuta nyingine, utaombwa ufunguo wa tarakimu 48. Bila ufunguo huo hakuna fundi awezaye kuyatoa mafaili. Ufunguo mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kompyuta ilipoanzishwa; kwa hiyo ingia humo mapema, uuandike kwenye karatasi, na karatasi isikae kwenye begi la kompyuta hiyohiyo.

Kwa anayepandisha toleo, yaliyobaki ni machache: nafasi ya kutosha kwenye diski, chaja iliyochomekwa na betri iliyojaa kwa ajili ya umeme unaokatika, na bando la kutosha, kwa kuwa mzigo wa kupakua ni gigabaiti kadhaa. Ukipandisha na usiridhike, una siku 10 za kurudi kwenye mfumo wa awali kupitia mipangilio, mradi hujafuta folda ya Windows.old.

Kwa usakinishaji safi, tengeneza flashi ya GB 8 au zaidi kwa kutumia zana ya Microsoft yenyewe, kutoka tovuti yao. Flashi itafutwa yote. Usitumie flashi ya kuazima iliyozunguka mjini, na usikubali programu za kuamsha leseni bila malipo, kwa kuwa anayezitengeneza anakuomba kwanza uzime kinga ya virusi, na ombi hilo peke yake lingetosha kukutia shaka. Kompyuta iliyokuja na Windows halali haihitaji hila hizo: chagua kuendelea bila namba ya leseni na toleo lilelile lililokuwepo, Home au Pro, nayo itajiamsha ikipata intaneti, kwa kuwa leseni imefungamana na ubao mama. Kwenye flashi hiyohiyo weka draiva ya kadi ya mtandao, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kuitumia kadi hiyo, kwani Windows 11 hudai intaneti wakati wa kuanzishwa, na kompyuta isiyo na draiva ya Wi-Fi itakaa hapo ikisubiri.

Kompyuta inapowaka, Dell na Lenovo nyingi hufungua orodha ya vyanzo vya kuwashia, ambamo unachagua flashi, kwa kitufe cha F12, na HP kwa F9. Ukifika kwenye ukurasa wa diski, simama. Hapo ndipo pa kufanyia kosa lisilorudishika. Soma ukubwa wa kila diski, na kama kuna diski ya nje imechomekwa, ichomoe. Katika kompyuta mpakato nyingi za Intel kuanzia kizazi cha 11, ukurasa huo huweza kuwa mtupu kabisa, na wapo waliouziwa diski mpya kwa sababu hiyo wakati ya zamani ni nzima. Kinachokosekana ni draiva ya hifadhi ya Intel, iitwayo VMD au RST. Ipakue kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta, ifungue kwenye flashi, kisha uipakie kutoka ukurasa huohuo.

Kama kompyuta bado ina diski ya zamani inayozunguka, napendelea njia ambayo inamaliza hofu zote hizi kwa pamoja. Nunua SSD, toa diski ya zamani, na usakinishe mfumo kwenye mpya. Hakuna kinachofutwa. Diski ya zamani ikiwekwa kwenye kasha la nje lenye waya wa USB inakuwa ndiyo nakala yenyewe, na kila kitu kilichosahauliwa kinaweza kufuatwa huko, mradi ufunguo wa BitLocker uko mkononi. Gharama ya SSD ndogo ni chini sana ya gharama ya kuandika upya hesabu za mwaka.

Iache diski hiyo kabatini mpaka ofisi imefunga hesabu za mwezi angalau mara moja, maana faili linalokosekana kwa kawaida huulizwa siku hiyo. Baada ya hapo isitupwe wala kuuzwa ilivyo. Bado ina majina, namba za simu na nakala za vitambulisho vya wateja, na kwa Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtwika anayezishika taarifa hizo wajibu wa kuzilinda. Kufomati kwa haraka hakuziondoi. Tumia programu inayoandika juu ya diski nzima, jambo linaloweza kuchukua saa kadhaa, au itoboe kwa drili.