Paluku yupi?

Hapana. Jina Paluku peke yake halimfanyi Julien Paluku Kahongya, gavana wa jimbo la Kivu Kaskazini hapa Kongo toka 2007 hadi 2019, kuwa ndugu wa Melchisédech Sikuli Paluku, aliyewekwa kuwa askofu wa Butembo-Beni mwaka 1998. Mimi hutunza sauti za zamani za redio hapa Goma, kazi yangu ni fishi, yaani kadi za kumbukumbu, na wiki hii stajieri mwingine, kijana aliyekuja kujifunza kazi, kanisimamia mlangoni: “Papa, hawa ba-Paluku ni familia moja, sivyo?”

Paluku ni hesabu. Kwa Wanande, au Wayira ukipenda, kabila la hapa Kivu Kaskazini, mtoto wa kiume wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, kisha Kakule, Katembo, Mbusa. Wasichana wana mfululizo wao unaoanza na Masika, leo siugusi. Paza sauti “Kambale!” katika soko la Virunga: wataitika kumi, na hakuna anayemjua mwenzake.

Sasa mwaka 2019 Paluku yule gavana katoka ofisini, kaingia Carly Nzanzu Kasivita. Nzanzu nalo ni jina la kifungua mimba! Nafasi moja, majina mawili. Ng'ambo ya mlima Rwenzori, kwa Wakonjo wa Uganda, utaongeza na Mumbere, kama Charles Wesley Mumbere, mfalme wa Rwenzururu ambaye serikali ya Uganda ilimtambua mwaka 2009. Baba yake, aliyekuwa mfalme kabla yake, aliitwa Isaya Mukirania. Baba na mwana, kiti kimoja, na majina yao hayagusani popote. Wale wanaotafuta ukoo kwa kulinganisha majina wangewapita hao wawili bila kugeuza shingo.

Kinachoniudhi hasa ni ile fomu ya ng'ambo yenye kisanduku cha “jina la familia”. Karti zetu zina jina, postinomu (jina linalofuata la kwanza) na prenomu (kama Julien au Antipas). Kambale akifika Ulaya, karani anachagua neno moja analoweza kulitamka, na siku hiyo watoto wake wote wanakuwa wa pili, hata yule wa tano.

Msinielewe vibaya: undugu upo ndani ya majina, ila mara nyingi haukai pale mnapouangalia. Antipas Mbusa Nyamwisi, waziri wa mambo ya nje wa zamani, ni mdogo wa Enoch Nyamwisi Muvingi, mwanasiasa aliyeuawa Butembo mwaka 1993. Kinachowaunganisha ni Nyamwisi. Jina Mbusa peke yake halikwambii lolote kuhusu baba. Na kabla hujarukia kanuni kwamba neno la mwisho ndilo la ukoo, mrudie askofu: Paluku yake iko mwisho. Nyamwisi wa Enoch iko katikati. Mahali pa neno hapana ushahidi.

Halafu kuna Muhindo, anayevuruga majedwali yote mazuri ya vitabuni. Huyo ni mvulana aliyekuja baada ya mfululizo wa wasichana, amegeuza mkondo. Muhindo Nzangi, aliyekuwa waziri wa elimu ya juu, ana jina hilo. Muhindo ni wa ngapi? Jina halisemi.

Na mjini hata hesabu yenyewe inalegea. Baba Paluku anamwachia mwanawe wa nne jina lake, kwa kuwa shule na ubalozi vinataka karatasi zifanane. Sheria ya Familia ya 1987 inataka jina litoke katika utamaduni wa Kongo, na inakubali liwe na neno moja au zaidi. Mpangilio wa Kinande haukulindwa humo. Kwa hiyo nikikutana na Paluku kijana wa Goma, siwezi kuapa kwamba ni kifungua mimba. Mzee wa Lubero, huko mashambani kwa Wanande, ndiyo, karibu niape.

Mnaoniletea sauti: andikeni majina yote, kijiji cha asili, jina la mama likipatikana, na kazi aliyokuwa nayo siku ya kurekodiwa. Ukiandika “Mahojiano na Paluku”, kaseti nairudisha mezani kwako.